Kuogelea si Mambo ya Wapwani

Muulize mzazi wa Kericho au Bomet kama mwanawe anajua kuogelea, naye atacheka: "Kwani sisi tuna bahari?" Kicheko hicho kinaua.

Chai haioti jangwani. Kericho hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na maji hayo lazima yapite mahali. Kuna mito Itare na Kiptiget. Kuna Nyangores, unaoporomoka pale Tenwek kabla ya kukutana na Amala na kuwa Mto Mara. Kuna mabwawa ya mashamba ya chai, na machimbo ya mawe yaliyoachwa wazi hadi yakajaa maji. Likizo ya Aprili nayo hukutana na masika: watoto wako nyumbani, wazazi wanachuma chai, mito imefura.

Anayedhani bahari ndiyo muuaji akumbuke Desemba 2021, basi la wanakwaya liliposombwa na Mto Enziu huko Kitui, wakafa watu zaidi ya 30. Wala kuishi ufukweni hakumfundishi mtu kuogelea. Nungwi, Zanzibar, ni kijiji cha wavuvi, lakini ilibidi uanzishwe mradi wa Panje kuwafunza wasichana wake.

Nitaambiwa shule zetu hazina bwawa la kuogelea. Kweli, lakini uokoaji huanzia ukingoni. Misiba mingi ya mtoni huwa na majeneza mawili: la aliyezama, na la aliyejitosa kumwokoa ilhali naye hajui kuogelea. Mtoto wa Gredi ya 4 anaweza kufunzwa uwanjani kwamba asijitose: apige mayowe, anyooshe fito, arushe mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kamba. Vijana wafunzwe kwamba aliyeopolewa bila pumzi habinywi tumbo wala haning'inizwi kichwa chini. Hupuliziwa pumzi mdomoni na kusukumwa kifua, papo hapo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao watoto wa chini ya miaka 5. Wa umri huo huokolewa na ua, si somo. Basi kampuni za chai zizungushie mabwawa yao ua, na kaunti zifunze uokoaji shuleni kila mwaka kabla ya Aprili. Tukingoja wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji watoke Mombasa, watakuja kutafuta maiti.