"Njia ya Mkojo" Ni Ipi Hasa?

Mwanamume anayetolewa kibofu kwa sababu ya saratani hukabiliwa na swali ambalo Kiswahili chetu cha hospitalini hakimsaidii kulielewa: mrija upitao ndani ya uume nao utolewe, au ubakizwe? Aghalabu huambiwa tu kwamba "njia ya mkojo" itashughulikiwa. Ipi? Mirija miwili huteremka kutoka figoni hadi kibofuni, na mmoja hutoka kibofuni kwenda nje. Isitoshe, wapo wanaoiita tezi dume "tezi kibofu", hata saratani mbili tofauti zikakaribia kuwa na jina moja.

Swali hilo si dogo. Utando wa ndani ya kibofu huendelea hadi katika mrija wa mkojo, kwa hiyo saratani yaweza kuzuka humo hata miaka kadhaa baada ya kibofu kutolewa. Hata hivyo, si kila mwanamume hutolewa mrija. Hutolewa hasa saratani ikiwa imeingia sehemu ya mrija ipitayo katikati ya tezi dume, au ukingo uliokatwa ukikutwa na seli za saratani. Ukingo huo huweza kupimwa kwa darubini mgonjwa akiwa bado mezani, usingizini. Ukiwa safi, huenda akaundiwa kibofu kipya kutokana na utumbo wake, akojoe kwa njia ile ile ya zamani. Usipokuwa safi, ataamka ana tundu tumboni na mfuko wa mkojo ubavuni. Uamuzi hukatwa yeye akiwa amelala. Ridhaa yake ilitolewa jana yake, kwa maneno aliyoelezwa.

Tena yuko yule aliyewekewa mfuko lakini akabakizwa mrija, ambao sasa haupitishi mkojo. Tone la damu likitoka humo, hana budi kurudi kwa daktari upesi. Atajuaje, ikiwa aliambiwa kwamba "njia ya mkojo imeondolewa"?

Najua tafsida ni adabu yetu, na sitaki madaktari watukane. Lakini "mrija wa mkojo", "mirija ya figo" na "tezi dume" si matusi. Wanafunzi wetu wa sekondari husoma bayolojia kwa Kiingereza. Baadaye baba zao wanapougua, wao ndio huitwa wakalimani. Walimu wa Kiswahili na wa bayolojia wangeweza kukaa pamoja kipindi kimoja tu, mbele ya mchoro mmoja wa mwili, wakayaandika majina hayo ubaoni.