Mtoto Hachoshwi na Uzee wa Filamu

Katika nyumba nyingi za Kitale na Bungoma, wazazi waliokulia Vitimbi na Vioja Mahakamani, vichekesho vya runinga ya Kenya, wamekwisha kukata shauri kwamba watoto wao hawawezi kuvitazama vipindi hivyo. Sababu zinazotolewa ni zile zile: picha ni mbovu, mambo yanakwenda polepole, na watoto wa simu hawana subira. Imani hii imeenea hata haitiliwi shaka tena, nayo ni potofu. Kinachomwondoa mtoto mbele ya kipindi cha zamani si umri wa kipindi wala mwendo wake. Ni kuachwa nacho peke yake.

Ushahidi wa kwanza umo ndani ya simu hizo hizo zinazolaumiwa. Katuni za Tom na Jerry zilianza mwaka 1940. Mr. Bean alianza kuonyeshwa Uingereza mwaka 1990. Charlie Chaplin aliingia katika filamu mwaka 1914, bila rangi wala sauti, na vipande vyake bado vinawavunja mbavu watoto wa Webuye na Kiminini. Mtoto haulizi filamu ilitengenezwa lini. Anauliza huyu ni nani, anataka nini, mbona anakimbia. Akijibiwa, anakaa.

Atakayepinga atasema kwamba hao wote wanachekesha kwa vitendo, hawahitaji maneno, ilhali Vitimbi ni maneno matupu. Pingamizi hilo lina uzito, ila linathibitisha jambo jingine kabisa: filamu ya maneno inahitaji mtu wa kuyafungua maneno hayo. Afrika Mashariki imelijua hilo tangu sinema ilipoingia vijijini.

Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa Waingereza uliokuwa na makao Vugiri, Usambara, ulitengeneza filamu 35 kwa ajili ya Waafrika na kuzitembeza kwa lori hadi Kenya na Uganda. Mwaka 1939 kikaundwa Kitengo cha Filamu cha Makoloni, chini ya William Sellers, aliyeshikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, hivyo apewe filamu za polepole zisizo na ufundi mwingi. Wakati huo huo watu wa mijini walikuwa wakijaza majumba ya sinema kutazama makauboi wa Marekani wakifukuzana kwa farasi, bila kupotea njia. Nadharia ya Sellers ilikuwa dharau iliyovikwa kanzu ya elimu. Inasikitisha kuona mzazi akimrudishia mwanawe dharau hiyo ikiwa imepinduliwa tu: zamani mtazamaji aliambiwa hawezi kasi, leo anaambiwa hawezi utulivu. Kilichofanya kazi katika sinema zile za uwanjani, hata filamu ilipokuwa duni, ni mkalimani aliyesimama karibu na mashine na kuwaeleza watu kwa lugha yao yaliyokuwa yakiendelea.

Mkalimani huyo hajafa. Katika vibanda vya video vya masoko ya Bungoma na Kitale, filamu za mapigano za Hong Kong na Marekani za miaka ya 1980 zimepata watazamaji wapya kwa sababu ya DJ Afro, Mkenya anayezisimulia kwa Kiswahili na Sheng na kuwabandika wahusika majina ya utani. Ng'ambo ya mlima Elgon, Waganda wana wasimulizi wao wa filamu, ma-VJ, na Tanzania ilikuwa na msimulizi Lufufu. Vijana waliozaliwa baada ya mwaka 2000 wanatazama filamu zilizowatangulia kwa miaka ishirini, wanakaa mpaka mwisho, na hakuna anayelalamikia picha.

Na huyo mzazi mwenyewe alitazamaje? Hapa ndipo kumbukumbu inapomhadaa. Runinga ilikuwa moja kwa boma zima, mara nyingi Great Wall ndogo ya nyeusi na nyeupe, ikiendeshwa kwa betri ya gari iliyopelekwa kuchajiwa sokoni. Picha ikianza chenga, mmoja alitumwa nje kuzungusha eriali huku wa ndani wakimpigia kelele. Watoto walikaa sakafuni, wakubwa vitini, majirani mlangoni. Mzee Ojwang' wa Vitimbi alipomdanganya mkewe, Mama Kayai, shangazi alikwisha kutabiri atakavyonaswa; mjomba alieleza neno lililowapita wadogo; kuka (babu) aligomba kwa nini watu wanacheka mambo ya unyumba mbele ya watoto. Kipindi chote kilitafsiriwa papo hapo na watu watano au sita. Leo mzazi huyo anamfungulia mwanawe kipande kwenye YouTube, anakwenda zake shambani, na akirudi akakuta mtoto amehamia kwingine, anasema kizazi kimeharibika. Hukumu hiyo si ya haki. Amempa mtoto nusu tu ya alichopewa yeye.

Vioja Mahakamani chenyewe si kipindi cha polepole. Mshtakiwa anadanganya, anaulizwa, anadanganya zaidi ili kuufunika uongo wa kwanza, na kila jibu linamzamisha. Mtoto wa miaka minane anaijua vizuri hali hiyo. Asichokijua ni kwa nini watu wanaangua kicheko kabla mhusika Makokha, mwenye lafudhi ya Kiluhya, hajamaliza sentensi. Mtoto wa Bungoma, aliyezoea Kiswahili chenye lafudhi ya Kiluhya nyumbani, pengine hatasikia cha kuchekesha hapo, na ana haki ya kuelezwa.

Maelezo hayo yana uzito zaidi Kitale, mji wa makabila mengi, ulio katika kaunti iliyoonja ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 na kupakana na Mlima Elgon, kulikomwagika damu miaka hiyo hiyo. Vichekesho vya lafudhi havipiti hivi hivi mahali hapo. Mtoto aambiwe kwamba Mzee Ojwang', Mjaluo wa kwenye runinga, aliigizwa na Benson Wanjau, Mkikuyu, aliyefariki Julai 2015 akililiwa na nchi nzima. Habari hiyo moja inabadilisha kicheko. Vivyo hivyo The Gods Must Be Crazy ya mwaka 1980: inachekesha kweli, lakini ni filamu ya Afrika Kusini ya enzi za ubaguzi wa rangi, na inawaonyesha Wasan kama watu wasioijua dunia. Kumwachia mtoto filamu hiyo bila neno ni uzembe.

Mlango mwepesi zaidi kwa familia za huku ni Papa Shirandula, iliyoanza kwenye runinga ya Citizen miaka ya 2000. Marehemu Charles Bukeko, aliyezikwa Samia mwaka 2020, anaigiza mlinzi anayemficha mkewe kazi yake na kujifanya mtu wa ofisi. Mtoto anayepita mbele ya walinzi wa benki kila siku mjini Kitale anaelewa aibu hiyo bila kusomeshwa. Wakati wa kuitazama pia upo. Agosti ya mwaka wa shufwa, Wabukusu wanapotahiri, nyumba hujaa kukhu (bibi), shangazi na binamu, na kipindi kimoja kifupi jioni hupata wasimulizi wa kutosha.

Si kila cha zamani kinastahili juhudi hiyo. Hadi KTN ilipoanza mwaka 1990, Kenya ilikuwa na kituo kimoja tu cha televisheni, na nje ya Nairobi hali hiyo iliendelea miaka mingi. Mengi yalitazamwa kwa kukosa la kuchagua. Football Made in Germany ilipendwa kwa sababu mechi za Ulaya za moja kwa moja hazikupatikana. Mtoto anayeziona kila wikendi hana haja nayo, na mzazi akiiacha hajampunja kitu.