Daftari la Wiki: Muziki Mnene Kwenye Lori

Lori halifungwi muziki kama Vitz. Gari dogo lina betri moja ya volti 12, na karibu kila amplifaya ya gari inayouzwa Kariakoo imetengenezwa kwa volti hizo. Fuso, Scania na ndugu zao zina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo, kwa hiyo umeme wake ni volti 24. Ukiupeleka moja kwa moja kwenye amplifaya ya gari dogo, utanusa moshi kabla hujasikia wimbo.

Baadhi ya mafundi wana njia ya mkato: wanachota umeme kwenye betri moja tu. Volti 12 zinapatikana bila gharama, muziki unalia, utingo anacheza, fundi analipwa na kuondoka. Lakini alteneta inazichaji betri zile mbili kama kitu kimoja na haina habari kwamba mojawapo inanyonywa. Inayonyonywa haijai kamwe. Mwenzake anashindiliwa chaji mpaka maji yanakauka. Zikifa, mwenye lori anamlaani muuza betri. Dawa inajulikana: konvata ya kushusha volti 24 hadi 12, au kifaa cha kusawazisha chaji ya betri hizo mbili. Konvata yenyewe iwe ya uwezo unaofaa. Zile ndogo za redio na simu, za ampea 10 au 20, zitazidiwa sabufa ikipiga mara ya kwanza.

* * *

Boksi la amplifaya limeandikwa wati 5000. Itoe amplifaya yenyewe, igeuze, tafuta fyuzi zake. Ukikuta mbili za ampea 30, mashine hiyo haiwezi kuvuta kwa kudumu zaidi ya ampea 60. Zidisha kwa volti 13.8 (za mfumo wa volti 12 unapochajiwa), unapata wati 828 zinazoingia. Hata amplifaya nzuri za daraja D hupoteza kama moja ya tano kwa joto, hivyo kwenye spika zinafika wati 660 hivi. Hizo 4,000 na ushei zilizobaki ni za kuuzia boksi.

* * *

Redio za gari za Motorola zilianza kuuzwa mwaka 1930, na kero kubwa ya mafundi wa enzi zile ilikuwa cheche za plagi za injini, ambazo zilisikika redioni kama mahindi yanayopasuka. Injini ya dizeli haina plagi za cheche, kwa hiyo dereva wa lori amepona hilo. Kinachomsumbua ni ule mluzi unaopanda kila akikanyaga mafuta. Huo ni wa alteneta. Mara nyingi unaingia kwa sababu waya hasi umefungwa kwenye rangi au kutu badala ya chuma kitupu cha chesi, au kwa sababu waya wa sauti umelazwa sambamba na waya mnene wa umeme. Upitishe mmoja kushoto, mwingine kulia.

* * *

Nairobi, nganya (matatu iliyopambwa) yenye muziki mkali huvuta abiria, kwa hiyo mwenye gari anaweza kudai kwamba spika zinajilipa. Lakini saruji haichagui lori. Muziki wa lori ni wa dereva, na ukimuuliza atakwambia unamfukuzia usingizi. Siafiki. Usingizi hulipwa kwa kulala.

Na masikio? Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 zinavumilika kwa saa 40 kwa wiki, na kila zikiongezeka 3 muda huo unakatwa nusu. Kwenye desibeli 95, mgawo wako wa wiki nzima ni saa moja na robo. Dar hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Mgawo huo unaisha hata Chalinze hujaiona. Tena kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, yaani unalipa sana kwa tofauti ambayo sikio linaihisi kwa shida. Mimi ningenunua spika bora, wati za wastani, na chenji ningeiweka kwenye waya.

* * *

Waya ndipo watu wanapobania. Sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu, mnene machoni, lakini unapitisha umeme pungufu kuliko shaba tupu na unapata moto upesi. Kwaruza ncha kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Boksi la sabufa lifungwe kwa bolti nyuma ya kiti, maana breki ya ghafla kwenye mteremko wa Kitonga italigeuza kombora. Na fyuzi kubwa ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45 kutoka ncha chanya. Ikiwekwa kule kebini kwenye amplifaya, waya wote wa kati hauna mlinzi: ukichubuka kwenye chesi, lori linawaka. Kama hujaiona fyuzi hiyo kwa macho yako, usimlipe fundi.