Mpira si mpira tu, jamani!

Ndugu zangu wa Mwanza na kwingineko, nimekuwa kimya, zamu za usiku zimenibana. Ila leo naandika nikiwa na hasira, na aliyenikasirisha ni mdogo wangu mwenyewe, ambaye najua anasoma hapa.

Nilimtumia hela ya kununua mpira wa mashine yake ya kuoshea magari. Juzi kanitumia picha: kachukua wa bei ya chini, hauna namba hata moja, na ulipoanza kuvuja kaufunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli! Chenji "imefanya mambo mengine". Nilipolalamika akasema, "Dada, mpira ni mpira tu, hayo ni mambo ya Wazungu."

Haya, tupige hesabu. Mashine yake imeandikwa bar 150. Bar moja ni PSI 14.5, kwa hiyo ni karibu PSI 2,200. Tairi la gari dogo tunalijaza PSI thelathini na kitu. Yaani presha ya tairi mara 70 hivi, imefungwa kwa tyubu! Hesabu hiyo haijui Mzungu wala Msukuma.

Mimi mwenyewe nimeshapoteza hela. Hapa Anoka barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na theluji ikiyeyuka lazima uoshe gari lisiliwe na kutu. Mpira wangu wa kwanza niliutazama kwa macho tu. Nati ilikuwa M22 kama ya mashine, kumbe ncha ya ndani ya mashine ni milimita 14 na mpira ulitaka milimita 15. Ukavuja siku ileile. Wa pili niliuacha na maji ndani, yakaganda, ukapasuka.

Kwa hiyo sikiliza, mdogo wangu. Namba ya presha kwenye mpira iwe juu ya ile ya mashine. Ndani uwe na wavu wa waya wa chuma. Pima ncha kabla ya kulipa. Kipenyo cha ndani cha robo inchi kinatosha mashine ndogo. Ukitaka mpira mrefu sana, chukua wa 3/8, maana urefu hula presha. Ukimaliza kazi zima mashine, kisha bonyeza bunduki presha iishe. Na mpira uliopasuka haufungwi, unatupwa!

Mnaniona nina maringo. Mimi ni nesi, kazi yangu ni sindano. Tundu dogo kwenye mpira wa presha ni sindano pia, ila haina dawa, ina maji machafu na sabuni. Kijana akiziba pale kwa kidole, maji yanaingia chini ya ngozi. Nje utaona alama kama ya mbu, ndani nyama inaharibika, na kidole kinaweza kukatwa. Huyo haweki plasta akaendelea na kazi. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na waambiwe ni presha.

Na anayeshika mpira huo si wewe, ni wale vijana unaowalipa kwa gari. Chenji uliyobakiza umeichukua kwenye vidole vyao.

Sitatuma hela nyingine. Nitumie picha ya mpira mpya, namba zionekane.

Msalimieni mama. Mbarikiwe.