DVD ya Harusi Ipo, Laptopu Haina Pa Kuiweka

Mimi mwezi uliopita nusura tununiane na mume wangu kwa sababu ya kidude ambacho hata bei yake haifiki ya kiatu kizuri. Kaa nikusimulie, maana nina hakika hata kwako kuna droo yenye mambo haya haya.

Sisi tulifunga ndoa mwaka 2011. Enzi zile mpiga video alikuwa anakukabidhi diski kwenye makasha yenye picha yenu mkiwa mnatabasamu. Sisi tulipewa tatu: ya kichen pati, ya sendofu na ya harusi yenyewe. Tukaangalia mara moja, mara mbili, wageni walipokuja tukaangalia tena, halafu zikahamia kwenye droo. Deki ilipokufa, mume wangu aliwapa watoto wa jirani wakaifungua na kuichezea. Laptopu ya zamani yenye mlango wa CD nayo ikafa. Hii ya sasa ni nyembamba, nyepesi, inapendeza ukiitoa kwenye begi, ila hata uizungushe pande zote nne huoni pa kuweka diski.

Sasa mdogo wangu naye kapata mchumba, sendofu inapangwa. Siku moja tuko jikoni akaniuliza, "Dada, hivi baba alisema nini siku yako?"

Baba yetu alifariki mwaka 2019. Nakumbuka alivyosimama, nakumbuka ile suti yake ya kijivu, nakumbuka nililia mpaka wanja ukanishuka mashavuni. Maneno yenyewe? Sikukumbuka hata moja.

Jioni nikamwambia mume wangu tutafute pa kuangalizia ile diski. Akanijibu bila hata kuinua macho kwenye simu, "Mama Junior, nani anatumia CD siku hizi? Si umpigie mpiga video akutumie kwa WhatsApp?" Nikampigia. Kumbe mwenzetu siku hizi anauza vifaa vya ujenzi, na kompyuta yake ya wakati ule alishaiuza na vyote vilivyokuwemo. Yaani sauti ya baba yangu, kama bado ipo, ipo kwenye diski moja ya sentimita 12 ndani ya droo yangu. Kesho yake nikaingia Kariakoo.

Mlango ulienda wapi?

Kwanza usijilaumu kwamba ulinunua laptopu mbovu. Mwaka 2008 Apple walitoa MacBook Air, nyembamba kiasi kwamba waliitoa kwenye bahasha mbele ya watu, na ndani hakukuwa na pa kuweka diski. Wengine wakafuata taratibu. Ukiutoa mlango wa CD unapata laptopu nyembamba, nyepesi na yenye nafasi ya vitu vingine. Wanaotaka diski wakaambiwa wanunue draivu ya nje, kidude bapa kinachochomekwa kwa waya wa USB. Ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Usiombe "ekstenali"

Nilifika duka la kwanza nikasema kwa kujiamini, "Naomba ekstenali." Kijana akanipa kiboksi kidogo cheusi, nikalipia. Nyumbani nikakizungusha na diski mkononi kama mtu anayetafuta mlango wa daladala. Nilikuwa nimenunua ekstenali ya kuhifadhia mafaili! Bahati nzuri imekuja kunisaidia baadaye, utaona. Ila wewe ukienda sema wazi: "Nataka draivu ya nje ya kusomea CD na DVD." Na umwoneshe hiyo diski.

Anza na tundu la laptopu yako

Kabla hujaangalia rangi wala jina, itazame laptopu yako ubavuni. Tundu la USB la zamani ni la mstatili mpana, na waya unaingia upande mmoja tu. Tundu jipya la USB-C ni dogo, lina kingo za mviringo, na unachomeka upande wowote. Laptopu nyingine nyembamba zina hilo dogo tu. Kuna draivu zinazokuja na waya wa aina zote mbili, na hizo ndizo zisizokusumbua. Ukipata ya waya mpana peke yake, nunua na adapta papo hapo, usisubiri mpaka ufike nyumbani.

Umeme ndio ulioniponza

Mara ya pili nilinunua draivu yenyewe, ya bei ya chini kuliko zote, haina hata jina. Nikaweka diski ya sendofu. Ikazunguka, ikalia tik, tik, ikanyamaza. Ikazunguka tena, ikanyamaza. Mume wangu akasema, "Nilikwambia hiyo diski imeshakufa." Mpenzi msomaji, usiku ule nililala nimegeukia ukutani.

Kumbe diski ilikuwa nzima. Ndani ya draivu kuna mota ya kuzungusha diski, na hizi ndogo hazichomekwi ukutani, zinakula umeme wa laptopu kupitia waya ule ule wa USB. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida linatoa miliampia 500, la USB 3.0 miliampia 900. Mota inapoanza kuzungusha diski inahitaji nguvu nyingi, na tundu dhaifu au waya mwembamba inashindwa. Ndiyo maana baadhi ya draivu zina waya wenye vichwa viwili: kimoja cha data, kingine cha kuongeza umeme. Chomeka vyote.

Na usipitishe draivu kwenye kile kigawanyio cha matundu mengi ambacho tayari kimebeba kipanya, flashi na chaja ya simu. Chomeka moja kwa moja kwenye laptopu, tena kwenye tundu la USB 3.0 kama unalo. Mara nyingi lina rangi ya bluu ndani.

Kasi isikutoe pesa

Wauzaji wanapenda kusema, "Hii ni USB 3.0, iko fasta." Sikia. Draivu nyingi za aina hii zinasoma DVD kwa kasi inayoandikwa 8x, ambayo ni kama megabaiti 11 kwa sekunde. USB 2.0 ya zamani inapitisha zaidi ya hapo bila jasho. Kwa hiyo kwa DVD, faida ya tundu la USB 3.0 ni umeme zaidi, siyo kasi. Usiongeze pesa kwa sababu ya hiyo namba peke yake.

Una diski gani hasa?

Fungua droo kwanza, ndipo uende dukani. CD ya kawaida inabeba megabaiti 700, DVD gigabaiti 4.7 au 8.5 ikiwa ya tabaka mbili, na Blu-ray inaanzia gigabaiti 25. Draivu ya DVD inasoma CD, VCD na DVD, lakini Blu-ray haisomi. Kama kwako hakuna Blu-ray, na harusi nyingi za miaka ile zilitolewa kwa VCD au DVD, usilipie draivu ya Blu-ray.

Kuna pia zile diski ndogo za sentimita 8 zilizotumika kwenye kamera za video za mkononi. Hizo zinahitaji draivu yenye sahani inayotoka nje. Draivu ya kumeza diski kwa upenyo usiiwekee, haijatengenezewa. Na ukiuziwa SuperDrive ya Apple iliyotumika, ijue kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta za Mac na inataka kuchomekwa moja kwa moja. Mwenye Windows iache ipite, hata muuzaji akishusha bei mpaka akuonee huruma.

Jaribu kabla ya kutoa pesa

Mara ya tatu nilienda na laptopu yangu kwenye begi, pamoja na CD moja ya muziki na DVD moja ya filamu, diski ambazo hata zikikwaruzwa sitalia. Kwa nini zote mbili? Kwa sababu ndani mna miale miwili ya leza, mmoja wa CD na mwingine wa DVD. Mmoja unaweza kuwa umekufa na mwingine ukawa mzima. Nikachomeka, nikasubiri mpaka mafaili yakaonekana, nikafungua moja. Muuzaji alininunia kidogo. Muuzaji wa kweli atakuacha ujaribu.

Laptopu ikiiona diski lakini video haichezi, usikimbilie kurudisha draivu. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Windows haiji tena na uwezo wake yenyewe wa kuchezesha DVD za video. Pakua programu ya VLC, ni ya bure na inacheza DVD na VCD.

Nakili kwanza, lia baadaye

Hili nilielezwa na kaka mmoja wa ofisini anayejua mambo haya, na nalirudia kwako kama lilivyo: diski ya zamani usianze kwa kuiangalia, anza kwa kuinakili. Huwezi kujua itakubali kuzunguka mara ngapi.

Diski za mpiga video zilichomwa kwenye rangi maalumu iliyomo ndani yake, na rangi hiyo inaharibiwa na jua na joto. Ishike kwa kingo. Ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje kwa mstari, usiizungushe kama unafuta sahani. Weka draivu juu ya meza iliyo imara, siyo juu ya kitanda. Kisha fungua diski, utaona folda inaitwa VIDEO_TS. Nakili folda nzima kwenye laptopu, halafu kwenye ekstenali, halafu na mahali pa tatu nje ya nyumba yenu. Diski za filamu za dukani zina kufuli na wenyewe, hapa nazungumzia zenu za familia.

Tulianza na ya harusi. Ilifika katikati ikagoma. Diski hiyo ilikaa kwenye gari miaka sijui mingapi, na jua la Dar unalijua. Tuliyoingia nayo ukumbini na wimbo wenyewe ndiyo basi tena. Ya kichen pati ikapita yote. Ya sendofu niliiweka mwisho, kwa woga. Mume wangu aliacha simu akaja kukaa karibu. Hakuna aliyesema kitu mpaka ule mstari ukafika mwisho.

Ndipo tukaifungua. Baba yupo, na suti yake ya kijivu. Alinigeukia akasema, "Mwanangu, ukija kunisalimia, bisha hodi. Ukija na shida, usibishe hodi. Ingia tu." Kisha akamtazama mume wangu, kijana wa watu akiwa amekaa kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani, akamwambia, "Na wewe, siku ikikushinda, usimguse. Nipigie simu mimi."

Mume wangu akasema, "Rudisha kidogo." Nikarudisha. Akasema tena, "Rudisha." Mara ya tatu alitoka nje, akakaa barazani. Aliporudi aliniambia alikuwa amesahau kabisa kwamba aliahidiwa namba ya kupiga.

Kipande kile kilimfikia mdogo wangu usiku ule ule. Kwenye sendofu yake baba mdogo ndiye atakayesimama, lakini kabla hajasema neno tutawasha projekta kwa dakika nne.

Jumamosi hii, wawili

Kwa hiyo wapenzi, hii ni kazi ya kufanya pamoja. Mmoja afungue droo ya kwao, mwingine aulize kwa wakwe. Kusanyeni ubarikio, mahafali, mazishi, sauti za babu. Mnunue draivu moja, au marafiki wanne wachange inunuliwe moja, maana kazi yake ni ya wikiendi chache tu. Ila msingoje sana. Sony waliacha kutengeneza diski za kurekodia za Blu-ray mwezi Februari 2025, na Apple nao walishaacha kuuza SuperDrive yao. Dunia inafunga duka hili polepole, na diski zenu nazo hazizidi kuwa changa.

Na kwa akina kaka wanaouliza "nani anatumia CD siku hizi": siyo CD anayoitafuta. Kaa naye, mshikie waya.

Tukutane mwezi ujao. Na usiniambie kwako hakuna kitu kabla hujafungua droo.