MAONI YETU: USIACHE MBACHAO KWA MSALA UPITAO

Ndugu wafanyakazi,

Katika nchi nyingi wako watu waitwao wahafidhina. Hawa husema kwamba sheria, dini, jamaa na desturi za zamani ni mali iliyokusanywa kwa miaka mingi, wala haifai kubomolewa kwa siku moja. Wafanyakazi wengi wakilisikia jina hilo hulitupa mbali, wakidhani ni jambo la matajiri tu. Sisi twasema lipimwe kwanza.

Mwalimu wao mkubwa ni Edmund Burke, mzaliwa wa Dublin, aliyekuwa mjumbe wa Bunge la Uingereza. Mwaka 1790 alitoa kitabu cha kuyapinga mapinduzi ya Ufaransa. Alisema kwamba taifa ni ushirika wa walio hai, waliokufa na watakaozaliwa. Kwa hiyo walio hai hawana ruhusa ya kuharibu walichokikuta kana kwamba ni chao peke yao.

Je, maneno hayo hayatuhusu? Wengi wa wale waliogoma Mombasa Januari 1947, watu wa bandari na wa reli, wamekwisha kufa. Watoto watakaoajiriwa miaka 20 ijayo bado ni wachanga. Hata hivyo haki tunazozitetea leo ni za hao wote pamoja nasi.

Lakini Burke huyo huyo, mwaka 1795, nafaka ilipokuwa haba na bei yake kubwa, aliiandikia Serikali kwamba kazi ni bidhaa kama bidhaa nyingine, na Serikali isiingilie mshahara wa kibarua wa shamba. Ushirika ule ukasahauliwa. Mwenye shamba akapata kinga, kibarua akaachiwa soko.

Waliomfuata hawakushika njia moja. Richard Oastler, mtu wa upande wa Tory, mwaka 1830 aliandika gazetini kwamba watoto katika viwanda vya sufu vya Yorkshire walikuwa katika utumwa. Yeye na wenzake walipigana mpaka mwaka 1847, Bunge lilipoweka saa 10 za kazi kwa siku kwa wanawake na vijana wa viwanda vya nguo. Mwaka 1875 Serikali ya Disraeli iliwaruhusu waliogoma kusimama langoni kwa amani. Lakini mwaka 1982 Serikali ya Margaret Thatcher, wa chama hicho hicho cha Disraeli, ilitunga sheria ya kuwawezesha waajiri kuvidai vyama mahakamani hasara ya migomo isiyokubaliwa na sheria.

Fundisho ni hili: mtu akikuambia, "Tuhifadhi ya zamani," muulize, "Ya nani?"

Na tazameni siku hizi ni nani anayebomoa. Wako waajiri wasemao kwamba kazi ya kudumu ni mambo ya kale, na mambo ya kisasa ni mkataba wa miezi mitatu mitatu, bila likizo wala akiba ya uzeeni. Wakitaka utii husema tushike desturi. Wakitaka faida husema dunia imebadilika.

Sisi tunavyo vya kuhifadhi. Yako mapatano ya uhusiano kazini yaliyotiwa sahihi na Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi mwaka 1962. Kiko kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mfanyakazi haki ya malipo ya kufaa, ya kujiunga na chama na ya kugoma. Hivyo havikuokotwa njiani. Vililipiwa kwa vifungo, kwa kufukuzwa kazi na kwa njaa ya nyumbani.

Hatusemi kila cha kale ni chema. Mshahara wa kupimwa kwa rangi ya ngozi ulikuwa desturi, nao ulistahili kuvunjwa. Na mahali popote ambapo akina mama bado wanaachwa nje ya kamati zetu, desturi hiyo nayo ivunjwe.

Basi, ndugu, ukiletewa karatasi mpya ya kazi usitie sahihi siku hiyo. Mpelekee mjumbe wa chama, muisome pamoja neno kwa neno. Mbachao wako umechakaa, lakini ni wako. Msala wa mwajiri unapita tu.