Wacheni Kununua Uchawi wa Plastiki

Nilikuwa darasa la tano katika shule moja ya msingi huko Kitui wakati mtu wa mazingaombwe alipokuja. Tulilipa shilingi kumi kila mmoja, tukakaa chini kwenye vumbi, walimu wakakalia viti. Jamaa alivaa suti nyeusi na alikuwa na sanduku jekundu lenye nyota za dhahabu. Alituonyesha kwamba ni tupu. Akatoa leso. Akatoa maua. Alipolipindua tuone tena kwamba ni tupu, sakafu ya sanduku iking'oka, ikaanguka kwa kishindo, na nyuma yake zikafuata leso nyingine tano na njiwa wa plastiki.

Tulicheka hadi machozi. Na kama jamaa angecheka na sisi, ningekuwa naandika kitu kingine leo. Lakini alinyamaza, akatuangalia, kisha akamnyoshea kidole msichana aliyekuwa amekaa mstari wa mbele. Akasema nguvu zake zimevurugwa na mtoto huyu, kwamba ana nyota mbaya.

Muhula ule wote msichana yule alikaa peke yake kwenye dawati. Hakuna aliyetaka kushika daftari lake. Hata sisi tuliojua tulichoona, kwamba ni kibao cha plywood kilichogongwa misumari miwili, tulimwepuka. Tulikuwa watoto, sawa. Lakini yule jamaa alikuwa mtu mzima.

Kwa hivyo hoja yangu ni hii, na sitazunguka mbuyu. Ukitaka kufanya mazingaombwe jukwaani katika nchi hii, na hasa kwetu Ukambani, tengeneza vifaa vyako mwenyewe, na uvitengeneze imara kiasi kwamba mtu yeyote katika hadhira anaweza kuvishika, kuvigeuza na kuvigonga. Kama huwezi kumpa mama mboga sanduku lako alikague, usipande jukwaani.

Najua wasee wa Nairobi mtaniambia nini. "Boss, si ununue tu mtandaoni? Inaletwa mpaka mlangoni." Nimenunua. Nimekuwa na vikombe vya plastiki vilivyopinda ndani ya begi kwa joto la Kitui la mwezi wa pili. Nimekuwa na sanduku la kadi ambalo rangi yake ilibanduka baada ya safari tatu za bodaboda. Na hadhira yako si washamba. Kijana wa Wote ameshaona kikombe hicho hicho kwenye TikTok, rangi ile ile, na anajua kinagharimu ngapi.

Hayo ni makosa madogo. Kosa kubwa ni kwamba kifaa ulichonunua hukijui. Hujui gundi yake inashika vipi, wala ni kiungo gani kitakachoachia kwanza. Kikiharibika mbele ya watu una njia mbili tu: ucheke, au udanganye. Aliyetengeneza chake huwa anacheka, kwa sababu anajua atakirekebisha jioni. Aliyenunua huanza kutafuta mtoto wa kunyoshea kidole.

Mtu asiyetoka kwetu anaweza kudhani nakuza mambo. Hebu tukumbushane. Mwaka 1932 mahakama ya kikoloni iliwahukumu wanaume 60 wa Ukambani kunyongwa kwa kumuua mwanamke waliyemshuku kuwa mchawi. Adhabu ilipunguzwa baadaye ikawa kifungo, lakini mama yule hakurudi. Miaka saba kabla ya hapo serikali hiyo hiyo ilikuwa imetunga Sheria ya Uchawi ya 1925, inayomwadhibu anayejidai kuwa na nguvu hizo. Na usiseme ni mambo ya zamani: Oktoba 2021, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa shutuma hiyo hiyo.

Nasi tumebebeshwa jina. Kila nikisema natoka Kitui, kuna mtu atanitania kuhusu kamuti, eti nisimroge. Nikifungua begi la vifaa kwenye onyesho mjini, kuna atakayesogeza kiti chake nyuma akicheka. Nacheka pia. Lakini nikiwa Mutomo au Kathonzweni, mtu akisogeza kiti nyuma huwa hacheki. Hapo ndipo sanduku linaloguswa linakuwa jambo la usalama, langu na la jirani yangu. Mtu akishalishika, akaona ni mbao, gundi na rangi, hofu inapungua. Asiposhika, anaenda nayo nyumbani, na huko nyumbani huenda kuna bibi kizee mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni.

Angalia pia ni nani hasa amekuwa akipenda sanduku lisiloguswa. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Robert-Houdin, mwanamazingaombwe maarufu kuliko wote wa wakati wake, aende Algeria kushindana na viongozi wa dini waliokuwa na ushawishi kwa watu. Alikuwa na kisanduku ambacho mtoto angeweza kukiinua. Kisha alimwita mwanamume mwenye misuli, akamwambia nguvu zake zimechukuliwa, na yule bwana akashindwa kukitikisa. Chini ya jukwaa kulikuwa na sumaku ya umeme. Hakuna Mwalgeria aliyealikwa kwenda kutazama chini ya jukwaa.

Huku kwetu alipita Joseph Thomson, msafiri Mskoti, mwaka 1883 na 1884, akivuka nchi ya Wamaasai. Alijidai kuwa laibon. Dawa yake ilikuwa chumvi ya Eno inayotoa povu ukiitia maji, ile ile inayouzwa dukani leo kwa kiungulia, na meno mawili ya bandia aliyoyachomoa na kuyarudisha mbele ya watu. Halafu akaandika kitabu akijisifu jinsi watu walivyoshangaa. Watu walishangaa kwa sababu hawakuonyeshwa. Ungempa mzee wa Kimaasai pakiti ile aitie maji mwenyewe, mazungumzo yangekuwa mengine kabisa.

Na tusijidai kwamba ni wazungu tu. Mwaka 2014 KTN ilimfichua mhubiri wa Nairobi aliyekuwa akitumia pamanganeti ya potasiamu kugeuza maji ya kuosha miguu yakaonekana kama damu. Hiyo ni kemia ya sekondari, na watu walitoa pesa zao. Majamaa wa wash wash nao wana sanduku linalogeuza karatasi nyeusi kuwa noti, na ukisogea karibu wanakwambia kemikali ni hatari, usiguse. Wote hao wana vifaa, na wote wana kanuni moja: usiguse. Sisi wa jukwaani tukiwa na kanuni hiyo hiyo, tunamfundisha mtazamaji wetu tabia ambayo tapeli ataivuna kesho.

Sasa tuongee kazi. Kutengeneza sanduku imara si siri ya mbinguni, na Ukambani ndiko mahali pa mwisho ambapo mtu angepaswa kuagiza kipande cha mbao kutoka ng'ambo. Kwa majirani zetu wa Wamunyu, Mutisya Munge alirudi kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia na ujuzi wa kuchonga, na kutoka hapo ikazaliwa biashara ya vinyago iliyoenea hadi Mombasa na ng'ambo. Mikono tunayo.

Mbao pia tunayo. Tumia mukau. Ni mti wa kwetu, unaota kwenye ukame wa Kitui na Makueni, na mchwa hauupendi. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, ina kituo Kitui na imeshughulikia miche bora ya mukau kwa miaka mingi, kwa hivyo huna haja ya kumalizia msitu mti wake wa mwisho. Ukikosa mukau, mwembe mzee uliokatwa Makueni unatosha kwa sehemu za ndani, ila utibu dhidi ya dumuzi. Sharti moja: mbao iwe imekauka kabisa. Mbao mbichi itajikunja msimu wa kiangazi, na siri yako itaonekana kwenye ufa.

Usitumie misumari. Barabara zetu ni za mtikisiko, na msumari hulegea kidogo kidogo bila wewe kujua, kama ule wa yule jamaa wa shuleni. Tumia gundi ya mbao pamoja na skrubu. Kibao cha ndani, kile kinachofunika mzigo wako kisha kikalala bapa ukutani, kiachie nafasi ya unene wa kadi ya benki kila upande, kwa sababu mvua zikija mbao itavimba na kibao kitakwama mbele ya watu mia mbili. Usikifunge kwa bawaba za chuma. Zinapiga kelele, na sikio la mtoto ni kali kuliko jicho lake. Kipande cha ngozi ya mbuzi kilicholainishwa kwa mafuta hufanya kazi hiyo kimyakimya kwa miaka.

Ili kibao kisicheze mtu akilitikisa sanduku, toa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa, ichimbie ndani ya ukuta, na upande wa pili wa kibao ufiche kipande cha bati. Kingo zipake nta ya nyuki. Tuko Ukambani, nchi ya mizinga. Kukosa nta hapa ni kutaka tu. Ndani paka rangi ya ubao, ile ya darasani, inayouzwa kila hardware. Hailingani na rangi ya plastiki inayong'aa na kuonyesha kila mstari. Rangi ya ubao inameza mwanga, na kiungo kinapotea machoni.

Halafu fanya mtihani. Mpe sanduku fundi wa samani ambaye hakukusaidia kulitengeneza. Mwache nalo dakika tano. Akigundua, rudi kazini. Asipogundua, mpe mtoto wa miaka saba, ambaye ni mkaguzi mkali zaidi. Langu lilifeli mara tatu kwa mtoto wa dada yangu. Mara ya nne alilitupa chini kwa hasira, na kibao hakikutoka.

Kuna watakaosema mtu akishakagua, raha inaisha. Hao hawajawahi kuona bwawa la mchanga. Kitui na Makueni yamejaa. Mto unaonekana mkavu, mchanga mtupu, mgeni anapita akisikitika. Mama anachimba kwa kata, na maji yanajaa shimoni. Kila mtu kijijini anajua ukuta uko wapi na maji yanajificha vipi, maana waliubeba mawe wao wenyewe. Na bado maji yakitokea kiangazi cha mwezi wa tisa, watu hutabasamu. Kujua hakujawahi kuua mshangao wa kitu kilichotengenezwa vizuri.

Wengine watasema sanaa si useremala. Niliwahi kuigiza katika tamasha la drama la shule. Kila mwaka tulijenga vitu vya kadibodi na karatasi ya kung'aa, vikachanika kwenye basi, tukavichoma baada ya mashindano, mwaka uliofuata tukaomba wazazi pesa tena. Hatukubaki na kitu, wala ujuzi. Mwanafunzi anayejua kwa nini kibao kinavimba wakati wa mvua amejifunza kitu ambacho hata jukwaa likifungwa ataishi nacho. Mimi mwenyewe katika miezi ambayo maonyesho yamekauka huwa natengeneza masanduku ya nguo. Yale hayana siri yoyote, na yananilipia kodi.

Na wale wa tatu, wanaosema mazingaombwe ni ushetani moja kwa moja, nawaalika mbele. Kwa kweli ninyi ndio nawataka zaidi. Njooni mshike sanduku. Mchungaji mmoja alilishika Kibwezi mwaka jana, akalipiga konde, akaninyoshea akisema, "Hii ni fanicha." Sijawahi kupata sifa bora kuliko hiyo.

Yule msichana wa mstari wa mbele siku hizi ana duka la hardware. Nilienda kununua skrubu bila kujua ni lake. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto. Sanduku lilikuwa kwenye bodaboda, nikaliingiza ndani kupima urefu wa skrubu. Alilichukua bila kuomba ruhusa, akaligeuza chini juu, akaigonga sakafu yake kwa vidole, mara mbili, akasikiliza.

"Hii ni mbao gani?" akauliza.

"Mukau."

Akaligonga tena, akanirudishia. "Hii haitang'oka," akasema, kisha akanihesabia skrubu zangu.

Sikuweza kumwomba msamaha kwa yale ya darasa la tano. Nilipaswa, na nitarudi. Lakini kwa sasa nawaambia ninyi mnaoanza, mlio na kadi mfukoni na oda ya mtandaoni kwenye simu: futeni hiyo oda. Tafuteni fundi mtaani kwenu, kaeni naye wiki mbili, shikeni randa mpaka viganja viote sugu. Kisha pandeni jukwaani, na jambo la kwanza mtakalofanya, kabla ya leso na kabla ya njiwa, liwe kumpa mtu wa mstari wa mbele sanduku na kumwambia: shika, gonga, angalia.